Mlio wa Mguu wa Kushoto

Kazungu aliisikia baiskeli kabla ya kuiona. Tak. Kimya kidogo. Tak. Ilikuwa ikija kutoka upande wa Ngome ya Yesu, ndani ya kichochoro ambacho kuta zake zimekaribiana hata mtu akipiga chafya huku, wa kule humwombea dua. Spana ilimponyoka mkononi. Si kwamba milio ilimtisha. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amekula na kuvaa kwa ajili ya baiskeli zinazolia. Lakini mlio huu aliujua, na mwenye baiskeli yake alizikwa kwao Mwingi miezi minne iliyopita.

Alijifuta mikono kwa tambara, akangoja. Aliyechomoza kwenye kona alikuwa Wanza, mjane wa Bonface, ameipanda baiskeli ya mumewe kwa tahadhari, mkoba ukining'inia kwenye usukani. Alishuka mbele ya karakana ya Kazungu, chumba kimoja cha chini katika nyumba ya kale, chenye baraza ya mawe nje ambapo wateja hukaa wakingoja zamu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Pole kwa msiba. Sikuweza kufika."

"Tumeshapoa," akasema Wanza, kwa namna watu wanavyosema hivyo hata kama hawajapoa. "Nimekuja kwa ajili ya hii kelele. Inanimaliza."

Akamweleza. Siku hizi alikuwa akiiendesha baiskeli kutoka nyumbani Mbaraki hadi kazini kwake Liwatoni, kwenye chumba cha barafu cha samaki. Kelele yenyewe angeivumilia, lakini nyumbani alikuwa na mama mkwe. Mama Bonface macho yalikuwa yamefifia, na akili yake siku hizi ilikuwa ikienda na kurudi.

"Kila jioni nikiingia uani anaisikia, anainuka. 'Bonface amefika.' Anaanza kutafuta kiberiti awashe jiko. Halafu mimi ndiye wa kumwambia. Analia, anakula, analala. Kesho yake amesahau, baiskeli inalia tena, na mimi namwambia tena. Kila jioni, fundi, mama yule anafiwa upya, na mimi ndiye ninayemfisha mwanawe."

Kazungu alikuwa ameikazia macho pedali ya kushoto. "Niachie. Njoo Alhamisi."

Sasa niseme mimi, kwa sababu yeye alikuwa hajamwambia mtu, hata mkewe. Mlio ule uliwekwa mle ndani na mikono yake mwenyewe.

Ilikuwa baiskeli ya milima, mtumba wa Ulaya, matairi manene na gia ishirini na moja, nayo Bonface aliipenda kuliko inavyomstahili mtu mzima, karani wa bandarini, kupenda chuma. Lakini hewa ya chumvi ya kisiwa hiki haichagui. Mkono wa pedali wa kushoto ulilegea kwenye ekseli yake, tundu likapanuka, na dawa ya ugonjwa huo ni moja tu: mkono mpya. Mkono mpya haukupatikana wiki ile. Basi Kazungu akafanya wanalofanya mafundi wengi wa mjini. Alikata bati la kopo la soda, akalizungusha kwenye ncha ya ekseli, akapigilia mkono juu yake na kukaza nati. Kazi ya namna hiyo hudumu wiki, hudumu mwezi, na wakati mwingine hudumu mpaka fundi mwenyewe asahau. Wiki ya tatu bati lilianza kusagika, na mkono ukaanza kulia kila mguu wa kushoto uliposhuka. Bonface aliirudisha. Kazungu hakuigusa.

Jumamosi iliyofuata asubuhi, Bonface akipanda kilima cha kutokea Liwatoni, amesimama juu ya pedali kwa nguvu zake zote, mkono ulichomoka. Alianguka upande wa barabara, na nyuma yake kulikuwa na lori. Dereva aliapa kwamba mtu yule alianguka mwenyewe. Hakuna aliyemwamini. Kazungu naye alikuwa miongoni mwa waliosikitika na kusema madereva wa malori hawana utu, na aliyasema kwa sauti, watu wakimsikia. Baadaye shemeji ya Wanza aliichukua baiskeli kituo cha polisi, akaupigilia mkono kwa jiwe, akakaza nati, akaona ametengeneza.

Kutafuta mlio kuna adabu yake, na Kazungu aliwafundisha watu wengi adabu hiyo. Kwanza unasikiliza, hushiki spana. Ukiacha kupiga pedali na mlio ukaendelea, tafuta kwenye magurudumu. Ukija mara moja kwa kila mizunguko kadhaa ya pedali, ni kiungo cha mnyororo kilichokakamaa. Ukija mara moja kwa kila mzunguko, uko katikati, kwenye ekseli, kwenye mikono, kwenye pedali zenyewe. Ukitoweka mtu akisimama, mkague kiti. Fundi anayeanza kufungua nati kabla hajajua hayo anatafuta sifa, hatafuti mlio.

Kazungu alikuwa akijua mahali penyewe kama anavyojua kinywa chake kilipo. Akaanza na gurudumu la mbele.

Alilizungusha, akaliinamia, akagusa njiti moja moja. Hakuna kitu. Akahamia la nyuma, akasafisha friwili, yale meno ya nyuma yanayoshika mnyororo, kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani. Aliufungua mnyororo, akauosha, akaupitisha kati ya vidole kiungo baada ya kiungo, viungo mia na zaidi, akaupaka mafuta na kuupangusa hadi ukang'aa. Alikichomoa kiti, akakipaka grisi, akakirudisha. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye fremu na mpini sikioni, akaizungusha pedali kwa mkono. Sauti ilikuja kupitia chuma, ikaingia kichwani mwake moja kwa moja, tak, akaitupa bisibisi chini kana kwamba imemuunguza.

Faiz, mshona kanzu wa ng'ambo ya kichochoro, alikuwa akimtazama tangu asubuhi juu ya miwani yake. "Kazungu," akaita, "baiskeli hiyo waitengeza au waiposa?"

"Nafanya kazi, Faiz."

"Naona. Hata bibi harusi hasuguliwi hivyo."

Kazungu hakucheka. Adhuhuri, watu walipokwenda kuswali na kichochoro kikabaki kitupu, aliipanda baiskeli. Hii ilikuwa njia yake mwenyewe, na ndiyo iliyomjengea jina. Barabara kubwa huimeza sauti. Vichochoro vya Mji wa Kale huirudisha. Ukipita polepole kati ya kuta zile za mawe, ukuta wa kushoto hukwambia yanayotendeka kushoto na wa kulia hukwambia ya kulia, na hata kreni ya bandarini ikinguruma kule mbali, hapa hukosi kitu.

Tak, ukasema ukuta wa kushoto.

Akaendelea. Tak. Na nyuma yake, nusu ya pumzi baadaye, tak nyingine. Aliongeza mwendo, na iliyo nyuma ikaongeza. Akapita mlango uliofungwa, akapita paka aliyelala kizingitini, na ile ya nyuma ikapita palepale. Kazungu akaacha kupiga pedali. Yake ikanyamaza. Ya nyuma ikalia mara moja zaidi.

Aligeuka. Kichochoro kilikuwa kitupu, jua limesimama katikati yake. Ukuta, alijiambia. Mawe hurudisha sauti. Amewaeleza wateja hayo mara ngapi? Lakini jasho lilikuwa limemlowesha shati lote, na karakanani alirudi kwa miguu, baiskeli ameishika usukani, hakuipanda tena.

Akaifungua ile nati. Mkono ulitoka kwa kuvutwa tu, bila nyundo, na hilo peke yake lilitosha kumwambia lililobaki. Ndani, bati lilikuwa limesagika likawa vipande vyembamba vyeusi, kimoja bado kina rangi nyekundu ya soda. Kazungu alivimwaga kwenye debe la taka, akaenda mwenyewe kulimwaga lile debe, akanawa mikono, kisha akanawa tena. Jioni hiyo alipata ekseli nzima na mkono mzima kutoka kwa baiskeli iliyovunjika fremu, akavifunga kwa grisi safi, akakaza kama ilivyotakiwa kukazwa tangu awali. Aliizungusha pedali. Kimya. Ilikuwa imemchukua muda mfupi kuliko kunywa chai.

Wanza alipokuja Alhamisi aliizungusha mbele ya karakana mara tatu, akashuka machozi yakimlengalenga. "Mungu akubariki, fundi. Hujui ulivyonitua mzigo."

Alitaka kulipa. Kazungu akakataa, akasema ihesabiwe kuwa rambirambi yake. Mpaka leo, katika yote aliyoyafanya, hilo ndilo linalomtia haya zaidi.

Ungedhani mlio ukitoka kwenye baiskeli umekwisha. Ulihamia kwake. Mkewe Mejumaa akikata vitunguu jikoni, Kazungu alihesabu: tak, kimya, tak. Kifuniko cha sufuria, kandambili za jirani kwenye ngazi, tone la bomba, vyote vilikuwa vimejifunza mwendo uleule wa mguu mmoja. "Una nini wewe?" Mejumaa akamuuliza, kwa sababu chakula kilikuwa kimepoa mbele yake. "Kazi nyingi," akasema. Kuna uongo ambao mtu huutamka mara nyingi hata ulimi hauoni tena kuwa ni uongo.

Jumatano iliyofuata Wanza akarudi. Safari hii hakuwa na bashasha.

"Fundi, nimekuja kukuomba jambo la kijinga."

"Sema, mama."

"Irudishie ile sauti."

Kazungu alidhani hakusikia vizuri. Wanza akakaa barazani, mkoba mapajani. Mama Bonface, alisema, hakuwa akilia tena, kweli. Alikuwa akingoja. Jioni baiskeli iliingia uani kimya, mama asisikie kitu, na kwa kuwa hakusikia kitu, mwanawe alikuwa hajarudi kazini. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, uso umeelekea barabarani. Chakula hakigusi, kwa kuwa hali kabla Bonface hajafika. "Ukimwambia amekufa anasema ninyamaze tu, nisimletee mwanawe mkosi. Mwanzo alikuwa anafiwa kila siku, lakini alikuwa anakula. Siku sita hizi anakunywa uji vijiko viwili. Fundi, mama anakwisha."

Na hapo Kazungu alipata nafasi yake. Angeweza kusema. Alifungua kinywa, kinywa kikasema, "Naweza kutengeneza kitu."

Alikata ukanda wa plastiki kwenye chupa ya maji, akaufunga kwenye fremu, na kwenye mkono wa pedali wa kushoto akafunga kijiti kidogo kitakachougonga kila kikishuka. Haukuwa na madhara kwa mtu. Alishughulika nao mchana kutwa, akiupunguza, akiukunja, akiujaribu kichochoroni, mpaka akaupata mlio uliokaribia kabisa ule wa kwanza. Faiz alisema sasa ameona makubwa, fundi anayetia ugonjwa. Wanza aliondoka nao ukilia.

Jumapili, baada ya kanisa, alirudi tena akiwa bado na nguo zake za ibada. Ukanda wa plastiki alikuwa ameushika mkononi.

"Aliusikia," akasema. "Siku zote nne aliusikia. Alikunja uso, akaniuliza huyo mgeni anayebisha ni nani." Akauweka ukanda barazani. "Mimi sitaki maigizo, fundi. Wewe ulitoa kitu ndani ya baiskeli hii. Sijui ni nini, wala sihitaji kujua. Kirudishe palepale kilipokuwa."

Uongo wa kumjibu ulikuwepo, tena mwingi. Kimepotea. Kimevunjika. Baiskeli imezeeka, mama, haiwezi. Kazungu aliupitia mmoja mmoja kama alivyoupitia ule mnyororo. Halafu akamwona akilini Wanza amesimama juu ya pedali kwenye kilima cha Liwatoni, na magari nyuma yake.

"Siwezi kukirudisha," akasema. "Hicho kitu ndicho kilichomwangusha mumeo."

Kazungu akaendelea, kwa sababu sasa asingeweza kusimama. Akamwambia habari ya tundu lililopanuka na bati la soda. Akamwambia ule mlio ulikuwa ni mkono ukichomoka kidogo kidogo, na kwamba fundi yeyote angeujua, na yeye aliujua. Akamwambia dereva wa lori alisema kweli.

"Na alikuja kuniambia, mama. Alhamisi ile kabla ya Jumamosi yenyewe. Alikuja saa kumi. Nilikuwa na baiskeli sita za kukodishwa watalii, zilitakiwa kesho yake, nikamwambia angoje. Akangoja hapo ulipo. Hakuteta. Mpaka adhana ya magharibi, nikamwambia sitaiwahi, arudi Jumatatu."

"Alhamisi," akasema Wanza.

"Ndiyo."

"Tangu saa kumi mpaka magharibi."

"Mpaka magharibi."

"Peke yake?"

Swali hilo Kazungu hakulielewa. "Peke yake. Alikuwa akimsaidia Faiz kuchambua vifungo."

Wanza alitazama ng'ambo, kwenye duka la Faiz, kwa muda mrefu. Kazungu alingoja matusi. Aliyahitaji matusi, yangempa kitu cha kushika. Badala yake mwanamke alisimama, akapangusa nguo yake.

"Funga karakana. Twende ukamwambie mama yake."

Walitembea hadi Mbaraki, Kazungu akiikokota baiskeli, Wanza mbele kidogo, bila kuongea. Baiskeli haikutoa hata mkwaruzo. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizofanya mwaka ule, na kila hatua ilimuuma.

Mama Bonface alikuwa kwenye kigoda mlangoni, mwembamba, kanga imefungwa kichwani, sahani ya muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, imefunikwa kando yake. Kazungu alimwamkia, hakuitikia. Basi akachuchumaa mbele yake akasema aliyokuja kusema, kwa Kiswahili, na Wanza akawa anageuza kwa Kikamba. Kazungu alisikia jina la Bonface, akasikia jina lake mwenyewe. Alimaliza. Wanza hakumaliza. Aliendelea kuongea na mama mkwe wake, sauti imeshuka, akishika ncha ya kanga ya yule mama kama mtoto.

"Mimi nimesema maneno machache," Kazungu akasema hatimaye.

"Haya mengine ni yangu." Wanza hakumtazama. "Alhamisi ile alirudi usiku umeshaingia. Nilimuuliza alikuwa wapi, akasema kwa fundi wa baiskeli. Nikamwambia, fundi gani wa kukaa naye saa tatu nzima, sema ni mwanamke. Nilisema mbele ya mama. Ijumaa nzima sikumjibu salamu. Jumamosi aliniaga pale mlangoni, nikamgeuzia mgongo. Kumbe alikuwa kwa fundi."

Ni kweli Kazungu alikuwa amebeba dhambi yake miezi minne. Hakujua kwamba mwenzake alikuwa amebeba nusu yake nyingine bila hata kuijua.

Mama Bonface akasema jambo, taratibu, na kwa mara ya kwanza macho yake yaliyofifia yakamtafuta Kazungu mahali alipochuchumaa.

"Anauliza ulimwambia arudi lini," akasema Wanza.

"Mama, mwambie kwamba Bonface ameshafariki. Mwambie nimekuja kuomba—"

"Amekuuliza ulimwambia arudi lini."

"Jumatatu," akasema Kazungu.

Neno hilo halikuhitaji mkalimani. Uso wa mama ulilegea, akashusha pumzi kama mtu aliyepata jibu alilonyimwa na wote. Akapapasa kando yake, akaifunua sahani, akaivuta mapajani na kuanza kula. Alikula vizuri, tonge kwa tonge, mbele yao. Kati ya tonge na tonge akamwambia Wanza maneno mawili matatu.

"Anasemaje?"

"Anasema kesho nimpashie Bonface maji ya kuoga mapema."

Kazungu aliinuka, akaiegemeza baiskeli ukutani na kuanza kuaga. Wanza alikuwa amekwisha chukua sufuria kumwongezea mama chakula.

"Kesho saa kumi na moja jioni uwe hapa, fundi," akasema, akipakua. "Akianza kuuliza kwa nini hajaja, utamwambia wewe. Mimi nimemwambia miezi minne."